Mazoea, mazoezi na bakuli la karanga

Saa mbili asubuhi, kabla jua la Dodoma halijapata makali, shangazi yangu huwa ameshaketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini, nyumbani kwake Nkuhungu. Mbele yake kuna stuli, na juu ya stuli mabakuli mawili ya bati. La kushoto lina karanga zilizomenywa, la kulia ni tupu. Kazi yake ni kuchukua punje moja kwa mkono wa kulia, kuivusha, kuiachia, kisha kurudi kuchukua nyingine. Kidole gumba hutangulia, cha shahada huchelewa, punje inateleza. Anarudia. Inateleza tena. Anarudia. Ikishikika, mkono mzima unanyanyuka pamoja na bega kana kwamba amebeba ndoo ya maji, kumbe ni punje ya karanga tu.

Huu ni mwezi wa nne tangu kiharusi kimkute usingizini na kumwachia mkono usiomsikia. Maneno yake yalibaki, tunamshukuru Mungu, na mguu umerudi kiasi cha kumfikisha kwa jirani wa tatu na kumrudisha. Mkono ndio uliomliza. Mwanamke wa umri wake, aliyefunzwa tangu utotoni kwamba mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani ya ugali, akajikuta analishwa na wajukuu zake. Kule hospitali mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa maelekezo mengi, lakini alilolishika shangazi ni moja: "Mama, rudia. Ukichoka pumzika, halafu rudia."

Kazi yangu mimi ni kuhesabu. Na katika kuhesabu huko kila asubuhi, nilianza kujiuliza kurudia kunafanya nini hasa ndani ya mtu. Nyuma ya nyumba ya shangazi kuna mashine ya kusaga. Inaanza kunguruma asubuhi hiyohiyo na haikomi mpaka jioni. Mimi inanipasua kichwa. Shangazi, ambaye ameishi nayo miaka mingi, ukimwuliza kama imeshawashwa inabidi anyamaze kwanza atege sikio. Mngurumo uliorudiwa kila siku umemfanya asisikie. Punje ya karanga inayorudiwa kila siku inamfanya aanze kuhisi. Inakuwaje kurudia huko huko kuzime kitu kimoja na kuwashe kingine?

Neno moja, watoto wawili

Kiswahili kililiona jambo hili zamani. Kitenzi "zoea" kimezaa mazoea. Kikitiwa sauti moja tu ya kusababisha kinakuwa "zoeza", na huko ndiko yalikotoka mazoezi. Mama wa maneno haya ni mmoja, lakini tabia zao hazifanani. Mazoea humjia mtu bila kuyatafuta: anazoea baridi, anazoea deni, anazoea hata kutukanwa. Wazee wakasema mazoea yana taabu. Mazoezi hayaji yenyewe, lazima mtu ayafuate, na yana jasho.

Hata maneno yetu yanaporudiwa yanaonyesha njia hizo mbili. Ukisema mtoto "anasomasoma", umemshusha: anashika daftari bila kutia akili. Ukisema kitu ni kizuri "sana sana", umekipandisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali, bandu bandu huisha gogo. Hapo kurudia ndiko kunakofanya kazi yote. Nimeishi na maneno haya maisha yangu yote na sikuwahi kuyatazama mpaka nilipoketi mbele ya mabakuli mawili.

Aliyenifumbua macho zaidi ni konokono. Eric Kandel, mtafiti wa ubongo aliyezaliwa Vienna mwaka 1929 na kukulia Marekani, aliamua kuchunguza kumbukumbu kwa kumtumia konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Sababu yake ilikuwa rahisi. Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86, na huyo konokono ana kama 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Ukigusa kidogo mrija wake wa kutolea maji, anaurudisha ndani pamoja na shavu lake la kupumulia. Mguse tena, na tena. Kufikia mara ya kumi hivi anajikunja kidogo tu. Amekuzoea. Sasa mpige shoti ya umeme mkiani, halafu mguse palepale kwa wepesi uleule wa mwanzo: anajikunja kwa nguvu kuliko alivyofanya mara ya kwanza kabisa.

Mguso ni uleule, neva ni zilezile. Kilichobadilika kiko kwenye maungio, pale neva moja inapopitisha habari kwenda kwa nyingine kwa kumwaga kemikali kidogo. Mguso usio na madhara ukirudiwa, neva ya kupokea mguso humwaga kemikali kidogo zaidi kila mara, mpaka ujumbe unafifia. Baada ya shoti, neva ileile humwaga kwa wingi. Shoti moja huacha woga wa dakika chache. Shoti nne au tano zilizoachiana nafasi huacha woga wa siku nzima au zaidi, na zikiendelea kwa siku kadhaa, konokono anakumbuka kwa wiki.

Kati ya dakika na wiki kuna tofauti kubwa ya kazi inayofanyika. Kumbukumbu ya dakika ni kemikali tu. Ile ya wiki ni ujenzi: ujumbe unaorudiwa unafika hadi kwenye kiini cha seli, unaamsha jeni, protini zinatengenezwa, na maungio mapya yanachipua. Watafiti waliofanya kazi na Kandel walipoyahesabu kwa hadubini, walikuta kwamba kwa konokono waliofunzwa kuogopa maungio yameongezeka maradufu, na kwa waliozoeshwa yamepungua. Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili.

Hilo linanigusa kila ninapomtazama shangazi. Kusahau mashine ya kusaga na kukumbuka namna ya kushika punje ni kazi mbili za fundi mmoja. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili ukiwa umetulia. Hauwezi kusikiliza kila kitu. Kinachorudi bila habari mpya unakifungia mlango. Kinachorudi kikiwa na jambo ndani yake, hatari, faida, au kosa linalohitaji kurekebishwa, unakijengea.

Nafasi iliyo katikati

Mtaalamu alisema "pumzika, halafu rudia", na mwanzoni nilidhani kupumzika ni huruma tu kwa mgonjwa. Sivyo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka kadhaa. Alitunga silabi zisizo na maana, kama 2,300, akawa anazikariri kwa mafungu, anaziacha, kisha anapima ni kazi kiasi gani anahitaji kuzikariri upya. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea. Baada ya siku, thuluthi mbili. Lakini baada ya mwezi mzima, hasara haikuwa imezidi sana hapo: karibu humusi nne. Kusahau kuna pupa mwanzoni, kisha hupunguza mwendo.

Kuna hesabu yake nyingine ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Dodoma aijue kabla ya mtihani. Fungu la silabi alilolirudia mara 68 kwa mkupuo, alilishika kesho yake sawasawa na fungu lingine alilolirudia mara 38 tu, ila hizo 38 alizigawa kwa siku tatu. Mara 30 nzima ziliokolewa na nafasi iliyoachwa katikati.

Siku hizi ni kawaida kusikia "kukariri" kukitajwa kama tusi. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao ni kurudia tu. Mimi sikubali litukanwe. Mtoto asiye na jedwali la kuzidisha kichwani anahangaika na hesabu za darasa la sita kwa sababu akili yake yote inaishia kwenye saba mara nane. Kosa liko kwenye kukariri kwa usiku mmoja wa kuamkia mtihani, daftari limefunguliwa, macho yanapita juu ya mistari ileile mpaka inaonekana ya kawaida, na mtu anadhani ameshaielewa kwa kuwa ameizoea. Walimu wa madrasa hawafanyi hivyo. Mwanafunzi anayehifadhi Kurani hutoa somo la leo bila kuangalia msahafu, kisha hurudishwa kwenye la jana, na la juma lililopita, na sura za mwezi ule. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hilo huko Marekani. Wanafunzi waliosoma habari tena na tena walifanya vizuri zaidi walipoulizwa baada ya dakika tano. Waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka wenyewe walifanya vizuri zaidi baada ya wiki.

Nafasi hii haihusu ubongo peke yake. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto yeyote Tanzania, utaona chanjo ya penta imepangwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa nini wasimpe dozi zote tatu siku moja, mama asisumbuke kupanda daladala mara tatu na mtoto mgongoni? Kwa sababu dozi ya kwanza inachagua katika damu seli chache zinazoendana na adui yule, zinazaana, na kwa majuma kadhaa zinanolewa ndani ya tezi. Dozi ya pili inapokuja inazikuta tayari, inachukua zilizo kali zaidi na kuzinoa tena. Ukiharakisha mno, unarudia somo ambalo mwanafunzi hajamaliza kulimeza, na kinga inayopatikana ni hafifu. Hivyo damu nayo hujifunza kwa kurudiwa na kusubiriwa.

Basi karanga zetu tumezigawa. Mia asubuhi, mia baada ya chai ya saa nne, mia jioni mashine ikizimwa. Na usiku alale vizuri, kwa kuwa sehemu ya kuimarisha alichojifunza mkono hufanyika usingizini.

Kumbukumbu iliyo mikononi

Kabla ya kuugua, shangazi alikuwa mpigaji wa muheme. Kwa asiyejua, hizi ni ngoma za Wagogo zinazopigwa na wanawake. Mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, wengi kwa pamoja, kila mmoja na pigo lake, mpaka sauti zinakuwa kama maji yanayochemka. Niliwahi kumwomba anieleze mkono upi unaanza. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, niletee ngoma, maana mimi sijui, mikono ndiyo inayojua."

Alisema kweli kuliko alivyodhani. Mwaka 1953, kule Marekani, kijana aliyekuwa na kifafa kikali, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliomwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu za ndani ya ubongo zinazohusika na kumbukumbu, za pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Ukitoka chumbani na kurudi, alikuwa anakutana na wewe upya. Brenda Milner, mwanasaikolojia kutoka Montreal, alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama mkono wake kupitia kioo tu, jambo linalomchanganya kila mtu mara ya kwanza. Alifanya hivyo kwa siku tatu. Kila siku kazi ilikuwa ngeni kwake, hakukumbuka kuwahi kuiona. Lakini makosa yalipungua, na siku ya tatu mstari ulikuwa safi. Mkono ulikuwa umejifunza bila mwenyewe kujua.

Tangu hapo watafiti wakaanza kuzitenganisha kumbukumbu. Ile ya matukio na majina inapitia hipokampasi. Ile ya ustadi na desturi inakaa kwingine, kwenye viini vilivyo katikati ya ubongo chini ya gamba la juu, kwenye ubongo mdogo ulio kisogoni, na kwenye sehemu za gamba zinazoendesha misuli. Hii ya pili haisemi. Haijui kueleza. Inaingia kwa mlango mmoja tu, nao ni kurudia.

Siku moja nilimsikia shangazi akinong'ona wimbo wa muheme huku akivusha punje, na nikaona bega limeshuka na vidole vinafuata zamu. Sitaki kulikuza jambo hili, ni mgonjwa mmoja na asubuhi moja. Lakini tangu miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake wameonyesha kwamba mdundo unaosikika unawasaidia waliopata kiharusi kutembea kwa hatua ndefu na zilizo sawa zaidi. Mdundo unauambia ubongo pigo lijalo litakuja lini, na misuli inajiandaa kabla. Ndiyo raha ya ngoma zetu hizi. Hukwe Zawose, aliyeifikisha ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia, alikuwa anapiga mizunguko mifupi inayorudi na kurudi, na ndani ya kila mzunguko kuna kitu kidogo kimehama. Sikio linatabiri, linapata, linafurahi, na pale linapotaka kuzoea linakuta jambo jipya.

Usemi uliorudiwa mara kumi

Kuna upande wa kurudia unaoniogopesha, na nitausema kwa sababu ulitugusa nyumbani.

Wiki ile ya kwanza, kila aliyekuja kumjulia hali shangazi alikuwa na neno. "Mbukwa, poleni. Huyu amepigwa upepo mbaya." Wa pili naye upepo. Wa tatu akasema jini. Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp likaja hivyohivyo, likasambazwa, likarudi tena kupitia mtu mwingine. Mimi niliyesimama mbele ya daktari na kuonyeshwa kwamba mshipa wa damu umeziba na sehemu ya ubongo imekosa hewa, kufikia Ijumaa nilikuwa nimeanza kuuliza nauli ya kwenda kwa mganga. Hakuna aliyeniletea hoja mpya. Ni maneno yaleyale tu, mara ya kumi.

Mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walichapisha jaribio dogo: watu walisomewa sentensi nyingi, nyingine za kweli na nyingine za uongo, kwa awamu tatu zilizoachana wiki mbilimbili. Zile zilizorudiwa ziliaminiwa zaidi kila awamu, ziwe za kweli au za uongo. Sababu ni kwamba ubongo huchukua wepesi wa kuelewa kama dalili ya ukweli. Kitu ulichokwishakisikia kinapita haraka, na ule upesi unakupa hisia ya "hili nalijua". Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hata mtu mwenye jibu sahihi kichwani hasalimiki kabisa.

Haya ni mazoea yaliyovaa nguo za elimu. Na kwa ugonjwa kama kiharusi gharama yake ni kubwa, maana majuma na miezi ya mwanzo ndiyo wakati ubongo unapokuwa tayari zaidi kujipanga upya. Ukiwa na mgonjwa nyumbani na unasikia neno moja kutoka kwa watu kumi, jiulize hao kumi wamelipata kwa wangapi.

Bakuli lilipokuwa jepesi

Hesabu ya mia tatu sikuibuni. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walitazama vipindi vya mazoezi katika vituo vya Marekani na Kanada, wakakuta kwamba mkono wa mgonjwa unarudia tendo lenye maana, kama kushika na kuinua, kwa wastani wa mara 32 tu kwa kipindi. Katika majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo kubadilika, idadi ilikuwa mamia kwa siku. Kikundi hicho kikaonyesha mwaka uliofuata kwamba hata binadamu anaweza kuvumilia mara mia tatu kwa saa moja. Nilipoisoma nilimwambia shangazi, naye akasema mia tatu ni kidogo, mtama wa harusi ya mama yako nilitwanga kuliko hapo.

Kwa wiki sita tulikimbiza hesabu. Bega likaanza kuuma, tukapunguza, tukarudi. Mwili una ukomo wake katika kurudia: mwaka 1855 daktari wa jeshi wa Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba miguu baada ya mwendo mrefu, na baadaye ikajulikana kwamba ni mifupa ya unyayo iliyopasuka kwa hatua nyingi, hakuna aliyeanguka wala kugongwa. Mfupa unaopewa siku ya kupumzika kati ya mizigo huwa mnene zaidi. Usiopewa hupasuka.

Kisha maendeleo yakasimama. Punje zilikuwa zinavuka haraka, mia ilikuwa inaisha kabla chai haijapoa, lakini kijiko hakishikiki, na tonge la ugali linaanguka. Nilidhani tuongeze hadi mia sita. Hapo ndipo nilipokutana na kazi nyingine ya Lang, ya mwaka 2016, iliyonivunja moyo mwanzoni. Watu 85 waliokwishapita miezi sita tangu kiharusi waligawiwa mafungu: wengine warudie mara 3,200 kwa jumla, wengine 6,400, wengine 9,600, na wengine wafanye kadiri ya uwezo wao. Waliofanya mara 9,600 hawakupata nafuu kuwapita waliofanya 3,200. Idadi peke yake haikununua kitu.

Jibu nililipata kwa nyani wadogo wa Amerika ya Kusini. Mwaka 2000 Erik Plautz, Garrett Milliken na Randolph Nudo walieleza jinsi walivyowapa nyani hao vidonge vya chakula kwenye kishimo kipana ambamo vidole vinaingia bila shida. Nyani walichukua vidonge maelfu ya mara. Watafiti walipopima ramani ya vidole kwenye ubongo, haikuwa imebadilika. Katika majaribio ya awali kishimo kilikuwa chembamba, nyani analazimika kutafuta namna ya kuingiza kidole kimoja au viwili na kukivuta kidonge nje, anakosa, anajaribu tena. Hapo ramani ya vidole ilipanuka. Mkono ni uleule na chakula ni kilekile, na kurudia kulikuwepo pande zote mbili. Kishimo chembamba kilikuwa na tatizo la kutatua, kile kipana hakikuwa nalo.

Nikakumbuka kinu. Tazama wanawake wawili wakitwanga mtama kwenye kinu kimoja kwa zamu: mchi huu unapanda, ule unashuka. Kwa mbali utasema ni mashine. Sogea karibu. Huyu anahamisha mguu kwa sababu kinu kimeegemea, yule amepunguza nguvu maana nafaka imekimbilia pembeni, kiwiko cha safari hii kiko chini kidogo kuliko cha safari iliyopita, na bado ncha ya mchi inatua katikati. Miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wakigonga patasi kwa nyundo, taa ndogo zimefungwa kwenye viungo vya mkono. Aliona kwamba kwa fundi mzoefu hakuna mapigo mawili ambamo bega na kiwiko vilipita njia ileile, lakini nyundo ilifika. Alikuja kuliita jambo hilo kurudia bila kurudia. Fundi hakuwa amekariri mwendo mmoja. Alichorudia ni kulitatua tatizo lile, kila mara upya kidogo.

Karanga zetu zilikuwa zimeacha kuwa tatizo. Bakuli lilikuwa pana, punje kubwa, umbali uleule, na shangazi alikuwa anazivusha huku anaongea na jirani juu ya bei ya mafuta ya alizeti. Mazoezi yalikuwa yamegeuka mazoea mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nahesabu kwa furaha.

Juzi niliondoa bakuli la kushoto nikaweka kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na ndani yake nikachanganya karanga na choroko. Bakuli la kulia nikalisogeza mpaka ukingo wa stuli. Shangazi aliingiza vidole viwili, vikakwama. Akavitoa, akakigeuza kikombe kwa kiganja cha kushoto, akaingiza tena kwa upande. Choroko ikaanguka mchangani na kuku akaiwahi. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

"Nani amekwambia uharibu?"

"Endelea, shangazi. Taratibu."

Hakunijibu. Alinyamaza, uso umekunjwa, kama anavyonyamaza anapotaka kusikia kama mashine imewashwa. Akaingiza kidole gumba kwanza, akakilaza ubavuni mwa kikombe, akakiteremshia cha shahada polepole. Ilichukua muda. Punje ilipotoka, mkono ulinyanyuka peke yake. Bega lilibaki chini.

"Moja," nikasema.